Mnunuzi wa Pili

Pemba inauza karafuu nje kwa karibu karne mbili sasa, na kwa sehemu kubwa ya muda huo mkulima wake amekuwa na mtu mmoja tu wa kumuuzia. Majina ndiyo yaliyobadilika. Aliwahi kuwa tajiri wa mjini aliyekwisha kushika rehani ya shamba kabla mikarafuu haijachanua. Aliwahi kuwa jumuiya iliyoundwa na Mwingereza. Kwa zaidi ya nusu karne sasa ni shirika la serikali yetu wenyewe. Kila nikikaa barazani watu wakaanza kubishana juu ya makampuni makubwa, huyu akisema serikali ijitoe katika biashara, yule akisema matajiri ni wanyonyaji na bora serikali, huwa natamani kuwakatiza. Mimi ni mtoto wa shamba la karafuu, na swali nililokulia nalo ni jengine kabisa: ukiikataa bei hii, mzigo utaupeleka wapi?

Asiyeijua kazi yenyewe hawezi kuona uzito wa swali hilo. Mchumaji hupanda mkarafuu na ngoe yake ya kuvutia matawi, akachuma mashada akatia katika pakacha. Jioni nyumba nzima hukaa chini kuchambua, watoto na wageni wakiwemo: unashika shada, unalikandamiza kwenye kiganja, karafuu zinabaki huku na makonyo huku, mpaka vidole vinaingia weusi usiotoka kwa sabuni. Kisha ni majamvi na jua, siku hadi siku, na roho juu kila wingu likipita. Karafuu iliyokauka sawasawa ni ya rangi ya hudhurungi iliyokoza, ukiipinda inavunjika kwa mlio. Iliyonyeshewa hujikunja na kupauka, na hapo daraja limeshashuka. Kilo tatu mbichi hukupa kama kilo moja kavu.

Lakini mchumaji hangoji jua. Yeye hulipwa kwa alichochuma, leo leo, na mwenye shamba anahitaji fedha taslimu wakati hajauza hata punje. Hapo ndipo anapoingia yeyote mwenye fedha. Akikukopesha, karafuu zako ni zake. Na kama hakuna mwengine wa kukukopesha, bei nayo ni yake. Historia yote ya makampuni makubwa katika visiwa hivi naiona imejikunja ndani ya jambo hilo.

Mti wenyewe si wa kwetu. Asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo, na uliletwa huku kwa sababu ya kampuni iliyotaka usiote popote pengine. Mwaka 1602 bunge la Uholanzi liliwapa wafanyabiashara wake hati ya kuunda Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki, VOC. Waingereza walikuwa wametangulia na yao mwaka 1600. Watu husema VOC ndiyo mama wa makampuni ya leo, kwa vile hisa zake ziliuzwa kwa yeyote mwenye fedha pale Amsterdam. Sawa. Ila hati ile iliipa pia ruhusa ya kujenga ngome, kuajiri askari, kupigana vita na kufunga mikataba na wafalme. Ilikuwa duka lenye jeshi.

Ili bei ya karafuu isishuke Ulaya, tangu katikati ya karne ya 17 VOC iliwalipa masultani wa Maluku wakubali mikarafuu ikatwe katika maeneo yao, zao libaki Ambon na jirani zake tu, mahali ambapo ingeweza kulilinda. Palipokuwa na ubishi zilipelekwa misafara ya mashua zenye watu wa kuingia vijijini na mashoka. Kwa mtu aliyelelewa kwa karafuu hakuna habari chungu kuliko hiyo. Mti unaochukua miaka kadhaa kabla ya kukupa shada la kwanza unaangushwa kwa sababu mahesabu ya Amsterdam hayakubali.

Mwaka 1770 Mfaransa Pierre Poivre, aliyekuwa mtawala wa Mauritius, alifanikiwa kupata miche iliyotoroshwa kutoka huko. Kutoka Mauritius na Réunion ikafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Kwa hivyo Pemba nzima inaishi kwa magendo ya Mfaransa, na sioni aibu kulisema. Kampuni nayo haikudumu: mwaka 1799 ilivunjwa ikiwa imezama katika madeni, na madeni yakabebwa na serikali. Liwekeni akilini hilo la mwisho, maana litarudi.

Seyyid Said alipohamishia makao yake Unguja aliwaamuru wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Mashamba alikuwa nayo, watumwa wa kuyalima alikuwa nao (dhuluma ile ndiyo iliyokuwa chini ya kila hesabu niitajayo hapa mpaka 1897), lakini makarani wa forodha hakuwa nao. Ushuru aliukodisha. Kampuni ya Jairam Shivji, Mhindi wa Kutch, ilimpa Sultani kiasi maalumu cha fedha kwa mwaka, kisha yenyewe ikakusanya ushuru bandarini na ziada ikawa yake. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikimkopesha Sultani, na ikiwakopesha pia wafanyabiashara waliokuja kulipa ushuru.

Wamarekani wa Salem, waliokuwa wakileta shuka za merikani na kuondoka na pembe, sandarusi na ngozi, walikuwa na mkataba na Seyyid Said tangu 1833, mkataba uliosema biashara yao ni huru. Balozi wao wa kwanza, Richard Waters, aliwasili mwaka 1837. Naye alikuwa mfanyabiashara. Haukupita muda akapatana na Jairam, mmoja ana bendera na mwengine ana forodha, na mgeni aliyetaka kuuza au kununua akajikuta hana budi kupita mikononi mwao. Ukiuliza hapo serikali ilikuwa nani na kampuni ilikuwa nani, mimi sina jibu, na sidhani kama wao walikuwa nalo.

Alama ya enzi ile bado imesimama. Ukitoka bandarini Malindi kuelekea Forodhani utapita jengo la ghorofa lenye roshani za mbao zilizochongwa kama kanzu ya harusi, wenyewe tukiliita Dispensari ya Zamani. Alilianzisha Taria Topan, aliyewahi naye kuikodi forodha na kuwa benki ya masultani, mwaka 1887, kwa kuadhimisha miaka 50 ya Malkia Victoria, akikusudia liwe hospitali. Alifariki 1891 kabla halijamalizika. Watalii wanalipiga picha, na ni haki yao, ni zuri mno. Sisemi marehemu hakuwa na nia njema. Lakini nikipita pale huwa nafikiri kwamba aliyeshika ushuru wa nchi ndiye alikuwa na uwezo wa kuijengea nchi hospitali, na kwamba jengo alilolitoa kwa ajili ya Malkia wa Uingereza halikuwa mbali na mlango wa Sultani aliyekuwa akimwia.

Kisha wakaja wenye meli. William Mackinnon, Mskochi mwenye kampuni ya meli ya British India, alianza kuleta meli ya barua Unguja mwaka 1872, safari ambazo serikali ya Uingereza ilimlipa ruzuku. Miaka michache baadaye alitaka kumkodi Seyyid Barghash bara yote. Nasema bara yote, bandari, ushuru na utawala. Mpango ule ulivunjika, lakini fikra haikufa. Mwaka 1885 Carl Peters alirudi Berlin na makaratasi aliyodai machifu wa bara wametia saini, Kaizari akampa hati ya ulinzi, na Barghash alipolalamika manowari za Kijerumani zikaja kutia nanga mbele ya kasri yake. Baada ya hapo Sultani akajua aina mbili za wakodishaji: wa manowari, na wa kumwokoa na wenye manowari. Mwaka 1887 aliwapa Waingereza ukanda wa pwani ya kaskazini. Mwaka uliofuata, Barghash akiwa ameshafariki na Seyyid Khalifa yuko kitini, kampuni ya Wajerumani ikapata ukanda wa kusini, kutoka Umba mpaka Ruvuma, na ya Mackinnon ikapewa hati ya Malkia na jina refu la Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki.

Kampuni ya Wajerumani iliingia mijini Agosti 1888 na bendera yake, na makarani wake wakajifanya watawala. Haikufika mwezi Pangani iliwaka. Abushiri bin Salim huko, Bwana Heri Saadani, na mwambao mzima ukawashinda wanahisa wa Berlin. Basi wakafanyaje? Wakapiga hodi serikalini. Hermann Wissmann akapelekwa na askari kwa fedha ya umma, Abushiri akanyongwa Pangani Disemba 1889, na tarehe 1 Januari 1891 serikali ya Ujerumani ikaichukua nchi rasmi. Sultani akalipwa marki milioni 4 kwa pwani yake, sawa na pauni 200,000.

Fuateni njia ya pauni hizo 200,000. Hazikukabidhiwa Zanzibar izitumie itakavyo. Waingereza, ambao tangu 1890 ndio waliokuwa walinzi wetu, walizishika. Kampuni ya Mackinnon nayo ilikuwa inakufa. Uganda ilikuwa imewamaliza, reli haikujengeka, faida haikuonekana. Mwaka 1895 serikali ya Uingereza iliivunja na kuilipa pauni 250,000. Katika hizo, 200,000 zilikuwa fidia ya kuachia ule ukanda wa pwani, na zilitoka katika fedha za Zanzibar, zilezile za Mjerumani. Yaani bei ya pwani ya kusini iliyouzwa ilitumika kuikomboa pwani ya kaskazini iliyokodishwa, na iliyokombolewa ikabaki ya Sultani kwa jina, huku Waingereza wakimlipa kodi ya pauni 11,000 kwa mwaka na pauni 6,000 za riba ya fedha yake mwenyewe. Mwaka 1963 hata lile jina likaondoka, ukanda ukawa Kenya.

Nimeisoma hesabu hiyo mara nyingi na bado huniacha nikitikisa kichwa. Kampuni zile huonekana katika vitabu vya skuli kama watangulizi wa ukoloni, kama mlango tu. Mimi naona zaidi ya mlango. Naona jinsi faida na hasara zinavyogawanywa: faida ingalipatikana ingalikuwa ya wenye hisa, hasara ilipopatikana ikawa ya hazina, na hazina yenyewe ikawa ya kwetu.

Karne ya 20 ilitukuta Pemba ndiyo yenye karafuu. Kimbunga cha 1872 kilikuwa kimeangusha mashamba mengi ya Unguja na kutuacha sisi. Wenye mashamba, Waarabu na Waswahili, walikuwa wamezama katika madeni ya matajiri wa Kihindi wa mjini na wa madukani mashamba. Mwaka 1927 serikali ya Waingereza iliunda Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu, maarufu kwa herufi tatu za Kiingereza, CGA. Jina ni la wakulima, uamuzi ulikuwa wa maofisa. Sheria za 1934 zikazuia mashamba ya Waarabu na Waafrika yasichukuliwe kwa madeni na zikaipa jumuiya nguvu juu ya usafirishaji. Serikali ya India ilimtuma ofisa wake, K. P. S. Menon, kuja kuangalia, na ripoti yake haikuwafurahisha wakubwa wa hapa. Kisha sheria ya 1937 ikaipa CGA haki ya peke yake ya kununua karafuu kwa ajili ya kusafirisha.

Matajiri wa Kihindi wakagoma. Hawakununua, hawakusafirisha. Walikuwemo wazito, kina Tayabali Karimjee, wa kampuni iliyoanzishwa Unguja mwaka 1825 na ambayo mpaka leo iko hai Dar es Salaam ikiuza magari. India nako chama cha Congress kikahimiza watu wasitumie karafuu za Zanzibar, na India ilikuwa miongoni mwa wateja wetu wakubwa. Magunia yakalala maghalani. Mwaka 1938 serikali ikasalimu amri nusu: wasafirishaji wakarudi sokoni kwa masharti ya kununua sehemu ya mzigo wao kutoka kwa CGA.

Ndiyo mara pekee niijuayo ambapo ukiritimba wa karafuu katika visiwa hivi ulivunjwa waziwazi na watu wa chini ya sheria. Ningependa kuandika kwamba wakulima ndio walioshinda. Hawakushinda. Waliogoma ni wale waliokuwa wakiwakopesha kwa riba, na waliogomewa ni wale waliokuwa wakiwapangia bei. Mkulima aliulizwa na nani? Hata hivyo, baada ya hapo kulikuwa na milango miwili ya kubisha, na kwa mwenye karafuu zinazongoja kwenye jamvi hilo si dogo.

Mapinduzi ya 1964 yaliwaondoa matajiri na yakagawa mashamba, eka tatu tatu. Babu yangu alipata zake. Mwaka 1968 likaundwa Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, na mlango ukarudi kuwa mmoja. Kwa uagizaji wa bidhaa za nje kulikuwa na mashirika mengine ya serikali, kina Bizanje. Katika miaka ya 1970 bei ya karafuu duniani ilipaa, kwa sababu Waindonesia, watu wa asili ya mti, wanazisaga na kuzichanganya na tumbaku ya sigara zao za kretek na mavuno yao yalikuwa hayawatoshi. Mkulima wa Pemba akapata sehemu ndogo tu ya bei ile.

Nilikulia nyumba iliyolalamika, lakini haki itendeke kwa pande zote. Fedha zilizobaki hazikwenda Amsterdam. Zilijenga majumba ya Michenzani, zililipia skuli na matibabu ya bure, zikaleta televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakati nchi nyingi za Afrika hazijawa hata na ya nyeusi na nyeupe. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Tatizo ni kwamba Michenzani iko Unguja, na karafuu nyingi ziko Pemba, na aliyekuwa akipanda mkarafuu Mtambwe kwa ngoe na kamba hakuwa na umeme wa kuwashia hiyo televisheni.

Basi mnunuzi wa pili akatafutwa baharini. Usiku, kutoka vijia vya magharibi na kaskazini, mashua zilivuka na magunia kwenda Shimoni, Vanga, Mombasa. Kenya haina mashamba ya karafuu ya kutajika, lakini karafuu zilikuwa zikitoka kwake kwenda ng'ambo. Wazee walizungumza habari hizo kama wavuvi wanavyozungumza dago: upepo gani, mwezi umri gani, mkondo unavuta wapi. Serikali ilijibu kwa vifungo na kwa doria. Vijana wa leo wanaoishangilia KMKM uwanjani wengi hawafikirii kwamba herufi zile ni Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, na kwamba magendo yaliyokuwa yakizuiwa hasa yalikuwa ni mkulima kwenda kuuza mali yake kwa bei nzuri zaidi. Wako waliokamatwa, wako waliozama. Vijijini kwetu hawakuhesabiwa wezi.

Katikati ya haya yote Indonesia ikapanda mikarafuu yake kwa wingi, na miaka ya 1980 ikawa haituhitaji tena kama zamani. Bei ikaanguka. Kuna kipande cha historia yao kinachonifariji kwa namna mbaya: tangu mwanzo wa miaka ya 1990 Rais Suharto alimpa mwanawe, Tommy, haki ya peke yake ya kununua karafuu za nchi nzima na kuwauzia wenye viwanda vya kretek, kwa mikopo ya fedha za umma. Wakulima walilipwa vibaya kiasi kwamba wengi waliitelekeza mikarafuu. Ukiritimba huo uliondoka tu mwaka 1998, nchi imefilisika na Shirika la Fedha la Kimataifa limeweka sharti. Karne tatu na nusu baada ya mashoka ya VOC, visiwa vile vile, zao lile lile, mnunuzi mmoja. Safari hii hakuwa mzungu wala hakuwa na meli za kivita. Alikuwa mtoto wa rais.

Kwetu mambo yalibadilika mwaka 2011, wakati wa Dk. Ali Mohamed Shein. Bei duniani ilikuwa imepanda kwa mavuno mabaya ya Indonesia, na serikali ikaamua mkulima apate asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Kwa miaka kadhaa kilo ya daraja la kwanza ikawa shilingi 14,000, watu wakajenga, wakasomesha, wakaenda Hija. Mashua zikapungua usiku bila ya bunduki ya ziada. Wanasiasa husema ni huruma ya serikali kwa wakulima, na sina sababu ya kuwakatalia. Mimi huongeza jambo moja: miaka yote ile ya magendo ilikuwa imeshamwonyesha mnunuzi wa serikali kwamba Shimoni ipo. Mashua ndizo zilizofanya kazi ambayo vikao havikuifanya. Mnunuzi kisheria bado ni mmoja, lakini anajua kuna bahari.

Sasa niseme la leo, maana kampuni kubwa ya siku hizi haiji na hati ya mfalme. Nyingine ni zetu. Said Salim Bakhresa, mzaliwa wa Unguja aliyeacha skuli mapema, ana kampuni ambayo inatuuzia unga wa mkate wa asubuhi, inatuvusha kwenda Dar es Salaam kwa boti, na usiku inatuonyesha mpira. Sina ugomvi nayo, unga wa mwengine upo dukani na mimi huchagua. Ninayoiangalia kwa makini zaidi ni biashara ya mwani.

Ulianza kulimwa kibiashara mwaka 1989, Paje na Jambiani, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino, kisha ukaenea mpaka Pemba. Wakulima wake wengi ni wanawake. Ukikauka husafirishwa Ulaya, Marekani na Asia, ukatolewa ute unaogandisha vitu: uko katika dawa ya meno, katika aiskrimu, katika nyama za makopo. Na namna ulivyoanza inanikumbusha ile rehani ya mashamba: kampuni inakuja ufukweni na kamba na tai-tai za kufungia mbegu, inawagawia wanawake bila ya fedha, na sharti ni moja, mwani utakaoota kwenye kamba zile uuzwe kwake.

"Kamba yake, mwani wake," aliniambia mama mmoja wa Kiuyu, kaskazini mwa Pemba, magoti ndani ya maji, vidole vinafunga mbegu bila ya kuvitazama. Nilimuuliza kama akija mwengine na bei nzuri. "Mwanangu, akija mwengine utamuuzia usiku? Kesho ukienda kuomba kamba unaambiwa zimekwisha. Na wewe unajua hazijesha." Kisha akanionyesha vipande vilivyooza, vyeupe, vya aina ya cottonii, yenye bei nzuri, ambayo siku hizi maji yakipata moto hufa. Inayostahimili ni spinosum, na kilo yake kavu kwa miaka mingi ilikuwa ya shilingi mia chache tu. Hasara ya maji kupata moto ni yake yeye peke yake, kwa sababu kwenye hesabu za kampuni yeye si mfanyakazi. Ni mkulima huru.

Serikali nayo imeunda kampuni yake ya mwani, na kiwanda kikajengwa Chamanangwe, hapa Pemba. Wapo wenzangu wanaoshangilia na wapo wanaoona ni ZSTC ya pili. Mimi nasubiri kuona sheria. Kampuni ya serikali ikija ufukweni kusimama pembeni ya wanunuzi waliopo, na mama yule akaweza kulinganisha, itakuwa imefanya ambalo CGA ililifanya kwa kulazimishwa na mgomo tu, na ZSTC haijalifanya mpaka leo. Ikija na kifungu cha kwamba mwani wote upite kwake, basi vijia vya kaskazini bado vipo na mashua hazijasahau njia.

Nilipompigia simu mama huyo wakati naandika haya, alinambia wao katika kikundi chao cha kuweka na kukopa wamejikusanya wakanunua kamba zao wenyewe. Wamevuna, wamekausha, magunia wameyatia katika chumba cha mwenzao mmoja. Mnunuzi wao wa siku zote ameshakuja akataja bei, na hawajamjibu. Wanamngojea mwengine, wa kutoka Unguja, aliyesema atavuka wiki ijayo.